Neno la Wageni Juu ya Mama

Wiki mbili zilizopita nilipita kwenye mashine za kukamua alizeti mjini Singida, na harufu ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, ikanisimamisha. Ninyi mliokulia huku mnaijua. Siyo harufu ya mafuta. Ni harufu ya maganda yaliyopata moto, nzito, yenye utamu kidogo kama wa karanga zilizokaribia kuungua, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa kufua mara moja. Mama yangu alinuka hivyo mwaka mzima nilipokuwa darasa la tatu.

Siku hiyo nilikuwa natoka kwenye semina. Kazi yangu ni ya maendeleo ya jamii, na semina ni sehemu ya maisha yetu. Tangu asubuhi mwezeshaji alikuwa akirudia neno moja la Kiingereza, *resilience*. Kulikuwa na *resilience* ya kilimo, ya mifugo, ya kaya na ya wanawake. Mzee mmoja wa kutoka Mungaa, mfugaji, akaomba tuambiwe kwa Kiswahili. Mmoja akasema ni ustahimilivu. Mwingine akasema hapana, serikalini siku hizi wanaandika uhimilivu. Wa tatu akasema vyote hivyo havitoshi, ni uwezo wa mtu kujikwamua baada ya kuanguka. Wakabishana mpaka chai ikaja. Nadhani mimi nimekaa na neno hilo muda mrefu kuliko wote waliokuwamo ukumbini. Nililijua kwanza kama ugonjwa.

Kwetu ni upande wa Sepuka. Baba alikuwa Mnyaturu wa hapohapo, mama Mnyiramba wa Misigiri, na nyumbani tulichanganya lugha zote mbili pamoja na Kiswahili cha shule. Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Eliza, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka. Baba alifariki mwaka uliotangulia ule ukame mkubwa. Kifua kilimsumbua kwa muda mrefu, akalazwa hospitali mjini, na mama alinichukua mara moja kwenda kumwona. Nakumbuka shuka la kijani na mikono yake iliyokuwa imepungua hadi saa ikawa inazunguka kwenye kifundo. Nakumbuka madaktari wawili waliosimama miguuni mwa kitanda. Mmoja alimtazama baba, akashusha sauti, akasema neno moja la Kiingereza. Mwenzake akatikisa kichwa, akaandika.

"Daktari, ndiyo nini hiyo?" mama aliuliza.

"Tutaongea, mama," alijibiwa.

Waliongea, lakini nje, na mimi niliachwa ndani nimshike baba mkono. Alikuwa ameshapigwa picha pia, ile picha kubwa nyeusi inayotazamwa kwa kuinuliwa dirishani. Haikupita muda tukamleta nyumbani nyuma ya pikapu, amefunikwa lile shuka.

Hakuna aliyenieleza baba alikuwa na nini. Nikajipangia maelezo mwenyewe, kama watoto wanavyofanya. Nilijua kwamba watu wasomi wakimtazama mtu, wakashusha sauti, wakasema neno la Kiingereza kisha wakapiga picha, mtu huyo anaondoka.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha mara tatu, ikakatika. Uwele ulikauka ukiwa umefika magotini. Ng'ombe walitoka mifupa ya nyonga, na watu wakaanza kuchimba mchanga wa korongo wapate maji. Tulikula ugali na mlenda mkavu mchana, jioni tukakoroga uji. Mama alikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama kumi na wawili waliopewa na mradi mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Ilikuwa imefungwa kwenye gogo chini ya kibanda cha miti, ina mpini mrefu wa chuma ambao lazima uuinue na kuukandamiza kwa uzito wa mwili wako wote. Mafuta yalitoka taratibu, kama jasho. Alizeti yenyewe ilikuwa akiba ya msimu uliopita, na mama alikuwa akikamua kila siku, hata zamu zisizokuwa zake, kwa sababu aliyekamua alipewa mashudu na kibaba cha mafuta.

Wageni wa mradi walikuja siku ya Alhamisi. Naikumbuka kwa sababu hatukuwa na vipindi vya mchana. Walikuja na gari jeupe, mama mmoja Mzungu aliyeungua jua puani, Mwafrika mmoja mwenye daftari, na kaka mmoja wa mjini aliyekuwa akitafsiri. Akina mama waliimba, wakawapa kuku wawili waliofungwa miguu, halafu wakawaonyesha mashine. Mwenzake mama kwenye mpini alikuwa ametoka kunyonyesha, kwa hiyo wageni walimkuta mama peke yake, ananing'inia kwenye kile chuma, kitenge kimeloa mgongoni.

"Anauliza mume wako anafanya kazi gani," alisema yule kaka.

"Alifariki."

"Pole sana, mama. Watoto?"

"Wawili."

"Na shamba, mwaka huu limetoa?"

"Halikutoa."

"Anauliza, na bado unakuja hapa kila siku?"

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nisipokuja nifanyeje?"

Akina mama wenzake walicheka. Yule kaka akatafsiri. Yule mgeni hakucheka. Aliweka mkono kifuani, akamtazama mama kwa muda, akatikisa kichwa polepole, kisha akamgeukia mwenye daftari na kusema kwa sauti ya chini, "*Very resilient.*"

Mwenye daftari naye akamtazama mama. Akatikisa kichwa. Akaandika.

Yule kaka wa mjini, aliyekuwa ametafsiri hata kikohozi, hilo hakulitafsiri. Halafu mgeni akatoa kamera, akampiga mama picha.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, Eliza yupo mgongoni. Nilimshusha Eliza nikakaa chini.

Nililishika neno lile kama nilivyolisikia, rizilienti, nikawa nalirudia njiani ili lisipotee. Jioni nilimfuata Shangazi Monika, dada yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye boma moja.

"Shangazi, rizilienti ni nini?"

"Ni nini?"

"Rizilienti."

"Sijui. Hayo maneno ya wasomi. Nenda kakoke moto."

Baba alipokuwa anaumwa, kila nilipouliza niliambiwa nikakoke moto. Kwa hiyo nilijua nipo sahihi.

Ukishaamini mtu anaumwa, dalili hazikosekani. Nilianza kumchunguza mama. Mikono yake ilitetemeka akitoka kwenye mashine, kiasi cha kumwaga maji akinywa. Alikula tonge tatu, akasema ameshiba. Aliamka kabla ya kila mtu na kulala baada ya kila mtu. Wakati mwingine alisimama katikati ya ua ameshika ufagio, haufagii, anatazama tu, mpaka nimwite mara mbili. Leo najua hali hiyo inaitwaje, na najua kwa nini mwanamke mwenye watoto wawili na debe moja la unga anashiba kwa tonge tatu. Wakati ule niliona ugonjwa unavyomla.

Nikaamua kumtibu. Nilianza na chakula. Nilikula upande wangu wa sinia mpaka karibu na nusu, halafu nikausukumia ugali uliobaki upande wake, yeye anausukuma urudi, nami nausukuma tena, hadi siku moja akauliza kama ugali una mchanga. Nikahamia kwenye maji. Nilitoka alfajiri na ndoo kwenda korongoni ili akiamka akute mtungi umejaa. Hiyo aliifurahia, lakini haikumponya. Mwisho nikaenda kwenye dawa. Nilikuwa nimesikia kwamba mwarobaini hutibu magonjwa arobaini, nikajiambia haiwezekani rizilienti isiwemo. Nilichuma majani, nikayatwanga, nikakamua maji yake ya kijani, nikayachanganya kwenye uji wa mama.

Alipiga funda moja, akatema mlangoni.

"Rehema! Umeweka nini humu?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

Nilihisi nikilitaja lile neno mbele yake nitakuwa nimemwambia anakufa. Nililia tu. Mama alitazama kibakuli, akanitazama mimi, na badala ya kunichapa kwa kupoteza uji mwaka ule, alikaa kizingitini akanivuta. Alinuka mashudu. Hakuuliza tena.

Aliyebaki alikuwa Mwalimu Josephine. Alitufundisha Kiingereza, na alikuwa na kamusi yenye jalada la plastiki aliyoifungia kabatini. Nilimsubiri nje ya ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Rizilienti ni nini?"

Alinifanya nilirudie mara tatu. Kisha alifungua kamusi, akashuka na kidole, akasoma. Mezani kulikuwa na dasta ya darasa letu, ambayo kama dasta nyingi za wakati ule ilikuwa kipande cha godoro. Akaichukua.

"Tazama." Aliibana ngumini mpaka ikapotea kabisa, vumbi la chaki likatoka katikati ya vidole. Akafungua mkono. Kipande kikajikunjua taratibu. "Umeona? Kimebanwa, kimerudi kilivyokuwa. Ndiyo maana yake."

"Siyo ugonjwa?"

"Ugonjwa? Nani kakwambia? Ni sifa nzuri."

"Hata kwa mtu?"

"Hata kwa mtu. Mtu anapata shida, halafu anarudi kama alivyokuwa mwanzo."

Kengele ikagongwa. Niliondoka pale mwepesi. Mama hafi! Nilikimbia nyumbani nikiwa nimeshika viatu mkononi. Sijui nilifika wapi njiani ndipo lile jibu likaanza kunigeuka. Anarudi kama alivyokuwa mwanzo. Mwanzo, mama alikuwa nani? Mwanzo alikuwa msichana wa Misigiri. Hakuwa na baba yetu, hakuwa na sisi. Akirudi alivyokuwa mwanzo, sisi tunakuwa wapi?

Ningeweza kulisahau jambo hilo ndani ya siku mbili kama si maneno ya kisimani. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeinama ndani ya shimo la mchanga korongoni, nachota kwa kibuyu, na juu yangu Shangazi Monika alikuwa akiongea na mwanamke mwingine. Hawakuniona.

"Kaka ameshatuma neno Misigiri," alisema Shangazi. "Mama Rehema atarudi kwao. Watoto watabaki, hawa ni wa kwetu."

"Mwenyewe anajua?"

"Atajuaje, na wanaume hawajakaa kikao?"

Kaka alikuwa baba mkubwa, mkubwa wa baba yangu. Simsemi kama mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili na watoto tisa, ng'ombe wake walikuwa wanaanguka mmoja mmoja, na tangu baba afariki tulikuwa pia juu ya mabega yake. Lakini wakati ule nilielewa kitu kimoja tu. Neno la wageni lilikuwa kweli. Waliona kwa macho yao ya kisomi kwamba mama ni mtu wa kurudi.

Siku tatu baadaye mama alituamsha mapema. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, ameshika mfuko.

"Naenda Misigiri. Mkae na shangazi. Nitarudi keshokutwa."

"Utarudi wapi?" niliuliza.

"Unauliza nini, Rehema? Nitarudi hapa."

"Sema tena."

"Nitarudi hapa. Kwenu."

Nilishika mfuko. Nilikuwa na miaka tisa na mikono iliyozoea ndoo, na ilibidi Shangazi anifungue kidole kimoja kimoja. Mama hakugeuka nyuma. Baadaye sana aliniambia kwamba angegeuka, asingepanda gari.

Keshokutwa ilikuja ikapita. Siku iliyofuata nilimpeleka Eliza mpaka barabarani, tukakaa juu ya mawe tukitazama kila gari lililotoka mjini. Eliza aliuliza mama ameenda kufanya nini. Nikamwambia ameenda kuwa msichana. Alifikiri kidogo, akauliza, "Akimaliza?" Siku ya nne vilevile. Shangazi hakutukataza, na hilo lilinitisha kuliko kama angetukataza. Jioni alitupa uji mzito zaidi ya kawaida, akatutazama tunavyokunywa, akainuka ghafla akaingia ndani.

Siku ya tano, basi la kwanza lilisimama. Kondakta akashusha magunia mawili, kisha akashuka mjomba, kaka yake mama, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu kwenye msiba. Kisha mama. Eliza ndiye aliyekimbia. Mama alimbeba, akanifuata pale nilipokuwa juu ya jiwe.

"Magari hayakuwepo," alisema. "Na mtama ulikuwa bado haujapurwa. Ilibidi nipure mwenyewe."

Yale magunia yalikuwa ya mtama.

Wanaume walikaa kesho yake, saa nne asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta wa tembe la baba mkubwa. Walikuwepo yeye, ndugu zake wawili, mjomba, Shangazi Monika na mama. Sisi watoto tulifukuzwa, lakini mimi nilijibanza nyuma ya kihenge kilichokuwa tupu. Baba mkubwa aliongea kwa upole. Alisema mwaka ni mbaya. Alisema hakuna anayemfukuza mtu. Alisema shemeji bado kijana, kwao wapo, mjomba ameshafika, basi mwanamke arudi akapumzike kwa wazazi wake, na watoto watalelewa kwenye boma la baba yao kama ilivyo desturi.

"Shemeji," alimaliza, "sisi tunataka urudi ukiwa na heshima yako."

Mama aliweka mikono magotini. Halafu akasema, kwa Kinyaturu, lugha ambayo siku zote aliiongea kwa kujing'atang'ata lakini siku ile ilitoka moja kwa moja:

"Mnataka arudi nani? Yule msichana mliyemchukua Misigiri hayupo. Nimeenda kumtafuta siku hizi tano, sikumkuta. Mama yangu alinitandikia kitanda changu cha zamani, na miguu inatokeza. Na yule mke wa ndugu yenu hayupo, mmemzika naye. Aliyebaki ni mama wa hawa wawili. Huyo kwao ni hapa."

Mjomba alikohoa. Baba mkubwa alichora chini kwa fimbo, akafuta kwa kidole cha mguu, akachora tena.

"Na chakula?" aliuliza mwishowe. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Nimeleta magunia mawili. Moja ni la kwako, baba mkubwa wa watoto. Nikipewa shamba la mbugani, lile lililokaa bure, nitalima mwenyewe. Nisipovuna msimu ujao, mje mniulize tena."

Hapo nilishindwa. Sikumbuki nilitokaje nyuma ya kihenge. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama katikati yao nikipiga kelele.

"Mama harudi! Wageni wamesema uongo! Mama hana rizilienti!"

"Hana nini?" aliuliza mjomba.

"Rizilienti! Walimtazama wakaandika! Baba naye walimwandika, wakampiga picha, akafa!"

Kisha mmoja wa ndugu zake baba akaanza kucheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Mama alikuwa amefunika mdomo. Nilidhani anacheka naye, mpaka nilipoona machozi kwenye vidole vyake.

"Ndiyo maana ya ule uji," alisema.

Baba mkubwa aliniita nisogee. Nilisogea polepole, kwani hakuwa mtu wa kuingiliwa akiongea. Aliniuliza nani ameniambia mama anakufa. Nikamweleza yote, madaktari, shuka la kijani, Mzungu, dasta ya mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui kama kuna mtu mzima mwingine aliyewahi kunisikiliza hivyo nilipokuwa mtoto.

"Ndugu yangu alikuwa na kifua kikuu," alisema. "Tulipaswa kukwambia. Kinatibika, lakini tulimchelewesha. Tulimchelewesha sisi." Akaiweka fimbo chini. "Mama yako haumwi. Na haendi popote. Nenda kamwambie shangazi yako akoroge uji."

"Nipo hapahapa," alisema Shangazi Monika. Alikuwa analia waziwazi.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Sisemi mambo yalikuwa mepesi. Shamba la mbugani lilikuwa gumu kama sahani, na msimu uliofuata tulivuna magunia manne tu. Lakini hakuna aliyekuja kumuuliza tena. Mama alilima pale kwa miaka, akatusomesha, na mpaka leo yupo, ana mvi na mbuzi kumi na mmoja, na baba mkubwa alipougua miaka yake ya mwisho ni yeye aliyekuwa akimpelekea uji. Siku moja nilimweleza maana ya lile neno jinsi tunavyolitumia kazini. Nilimwambia ni mtu anayeanguka akainuka. Alisikiliza huku anachambua mboga.

"Mbona mimi sikuinuka," alisema. "Nilitembea hivyohivyo."

Huwa nafikiria hilo ninapoandika taarifa. Naliandika neno, kwa sababu wakubwa wanalitaka, lakini siliandiki juu ya mtu kabla sijamuuliza amelala saa ngapi na amekula nini.

Ila ninachokikumbuka kuliko kikao chenyewe ni mchana wa siku ile. Wanaume walikuwa wametawanyika, mjomba amekwenda kutazama ng'ombe wa baba mkubwa. Mama aliingia ndani kwetu kuvua kitenge kizuri, na hakutoka. Nilisubiri, nikachungulia. Alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, kwa ubavu, viatu bado miguuni, mdomo wazi kidogo kama Eliza. Jua lilikuwa utosini. Sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Sikujua hata kama anaweza. Nilisimama nikitazama mbavu zake zikipanda na kushuka mpaka nikaridhika, halafu nikamvua viatu, kimoja, kisha kingine, hakushtuka. Nikatoka nikakaa kizingitini.

Baada ya muda wakaja wanawake wawili wa kikundi. Walikuwa wamesikia amerudi, na kulikuwa na alizeti ya kukamua.

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Mwite basi, tunamsubiri kwenye mashine."

Nilikuwa mtoto mwenye adabu. Sikuwahi kumkatalia mtu mzima. Nilinyoosha miguu mpaka ikaziba mlango wote.

"Amechoka," nikasema. "Njooni kesho."